Pumzi Haionekani, Meno Yanaonekana

Jumapili, mwishoni mwa Mfungo Sita. Kilindoni. Jua la kaskazi. Upepo upo, ila wa moto, kama mtu anakupulizia uji usoni.

Kwa heshima na taadhima, napenda kuwatangazia ndugu, jamaa, majirani na wote wanaoitakia mema nyumba hii kwamba leo asubuhi, baada ya chai, chupa ya asali imehamishwa rasmi kutoka kwenye kimeza kilichopo kando ya kitanda cha Zuhura na kupelekwa juu ya kabati la vyombo, nyuma ya birika la wageni. Hafla ilikuwa fupi. Hakukuwa na hotuba. Mhamishaji alikuwa mama mkwe wangu, Bi Kidawa, aliyepanda kwenye kigoda mwenyewe na kukataa kushikwa mkono.

Nyumba imetulia. Mume wangu Shomari ameondoka alfajiri kuwapeleka wageni baharini. Bi Kidawa amelala, amechoka na shughuli ya jana. Zuhura yuko uani anawafundisha kuku qaswida. Mimi nimekaa kwenye cherehani na mbele yangu kuna lundo la sare za shule ambazo wenyewe wanazitaka jana, lakini sishoni. Naandika kwenye simu huku mguu ukikanyaga pedeli kwa mazoea, cherehani inakwenda bila uzi.

Nina furaha. Naiandika mapema kabla haijapata shughuli nyingine.

Nieleze habari ya asali, maana ukiiacha hivyo mtu atadhani tumevamiwa na sisimizi.

Zuhura ni binti yetu wa pekee, ameingia darasa la tatu, na ana pumu tangu hajajua kutambaa. Miaka yake ya mwanzo sikumbuki nyimbo za kubembeleza. Nakumbuka sauti ya kifua chake, kama mlango wa banda unaofunguliwa taratibu na mwizi mwenye adabu. Alipokaribia kwenda chekechea ndipo akapewa pampu ya kuvuta kila siku, asubuhi na jioni, na mlango ule ukanyamaza. Kuna pampu ya pili, ya dharura. Hiyo inakaa kwenye mkoba wake, na kwa muda mrefu ilikuwa inakaa tu, kama mwamvuli wakati wa kiangazi.

Halafu yakaota meno ya ukubwani.

Mawili ya mbele, juu, yalitoka na mabaka. Hapa meupe kama chaki, pale ya manjano, na pembeni mwa moja kuna doa la rangi ya chai iliyosahaulika kikombeni. Kama ukuta uliopigwa chokaa na fundi aliyeitwa kula kabla hajamaliza. Magego ya nyuma yalikuja na kona zinazomomonyoka. Jino jipya kabisa, halijatafuna hata ubwabwa wa harusi moja, limeshaanza kupukutika.

Zuhura alikuwa anakataa barafu za ukwaju ambazo wenzake wanazipigania wakitoka shule. Mimi nikawa najisifu kwa majirani kwamba nimelea mtoto asiye na tamaa. Kumbe baridi ilikuwa inampiga jinoni.

Mtu anayeshona nguo huzoea kuwatazama watu kwa vipande: bega, kiuno, urefu wa mkono. Nikaona mkono wa kulia wa binti yangu umebadilishiwa kazi. Zamani ulikuwa wa kuangulia makungu. Sasa ukawa wa kufunika mdomo. Akicheka, mkono unapanda. Akiitikia salamu, mkono unapanda. Watu wakampongeza kwa kuwa na haya.

Sasa nimtambulishe Bi Kidawa vizuri. Makazi yake ni Baleni, kwenye minazi na mihogo yake, lakini tangu vuli ianze yuko kwetu kwa sababu mguu unamsumbua, au kwa sababu anaona akiwa mbali hatusumbuliwi vya kutosha, sijapata jibu. Kwa mila zetu bibi na mjukuu ni watani, na mjukuu wa kike ni mke mwenza, kwa kuwa babu ni mume wa wote wawili. Babu mwenyewe ni marehemu. Uke wenza haujafa.

“Mke mwenzangu,” anamwambia Zuhura asubuhi, “mume wetu angekuona na meno hayo angerudi kwangu mbio.”

“Angekukuta na yepi?” Zuhura anajibu nyuma ya kiganja.

Ni swali zuri. Bi Kidawa anatafuna tambuu tangu usichana wake, na meno yaliyobaki yamekolea wekundu kiasi kwamba akicheka unadhani ametoka kumng’ata mtu.

Huo ulikuwa utani, na utani hauumizi, au tunaambiwa hauumizi. Ila siku moja tukiwa uani, yeye juu ya mbuzi anakuna nazi na mimi nachuja tui, aliweka utani pembeni.

“Mama Zuhura, mtoto huyu kabla ya ile filimbi yenu alikuwa na meno mazuri.”

Filimbi ni pampu.

“Yale yalikuwa meno ya utotoni, Mama.”

“Meno ni meno. Mmempa filimbi, yakatoka mabovu. Moshi ule ndio unaokula jino. Wewe unayesoma vikaratasi vyote vya dawa, hapo hukupaona?”

Nisemeje? Ni kweli nasoma kila karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa, hata la jirani. Sikusomea popote, ila macho ninayo na muda wa kusubiri wateja ninao. Na ni kweli hapo sikupaona.

Ungamo la kwanza la leo: hoja yake ilinikera kwa sababu ilikuwa nzuri. Filimbi imetangulia, mabaka yamefuata. Hata mimi nikikuta kitambaa kimetoboka, kwanza nauliza ni sindano gani iliyopita hapa.

Nikajibu kwa sauti iliyozidi elimu yangu kwamba dawa haili meno. Akajibu kwamba mchwa naye ukimuuliza atasema hali mlango. Tukaendelea na nazi kwa hasira, na tui la siku ile lilikuwa zito sana.

Tulichosahau wote wawili ni kwamba Zuhura alikuwa palepale kwenye mkeka, anachambua mchele.

Watoto hawasikilizi. Wanasikia.

Siku hizohizo ustadhi wa madrasa akamchagua Zuhura aongoze qaswida kwenye maulidi yao. Ni ile yenye mstari mmoja mrefu ambao lazima uende kwa pumzi moja. Ukiukata katikati, maana inabaki imesimama kwa mguu mmoja inasubiri. Kwa mtoto ambaye zamani hakuweza kuita kuku bila kupumzika njiani, mimi nililichukulia jambo hilo kama shahada ya chuo kikuu. Nikanunua kitambaa cheupe siku ileile.

Baada ya wiki kadhaa nikamsimamisha nimpime gauni.

Nimepima vifua vingi hapa Kilindoni. Vya mabibi harusi wanaovuta tumbo ndani ili wanidanganye mimi, halafu siku ya harusi gauni linawasema. Vya waheshimiwa vinavyojitunisha vyenyewe ukisogeza utepe. Kifua kinachopumua vizuri hucheza na utepe: kinaukaza kidogo, kinaulegeza kidogo, kama paka aliyelala. Cha Zuhura kiliukaza na hakikuulegeza. Mabega ndiyo yaliyokuwa yanafanya kazi, yanapanda na kushuka. Nikaweka sikio mgongoni kwake.

Mlango wa banda ulikuwa unafunguliwa tena, taratibu.

“Zuhura, pampu unavuta?”

“Navuta.”

Na kweli nilikuwa naisikia, asubuhi na jioni, kutoka chumbani kwake: psii, psii. Nikaridhika na sauti, kama watu wanaoridhika na adhana na kubaki kitandani.

“Unavuta, au unapuliza?”

Akatazama dirisha. Na mimi nikalitazama dirisha.

“Napuliza nje, Mama.”

Basi ndivyo ilivyokuwa. Muda wote ule dirisha letu lilikuwa linapata matibabu ya kifua kuliko mtu yeyote kisiwani.

“Kwa nini, mwanangu?”

“Bibi alisema inakula meno.”

“Na pumzi je? Utaimbaje bila pumzi?”

Akafikiri. Zuhura akiulizwa swali hulifikiri kwelikweli, tabia ambayo hakuitoa kwangu wala kwa baba yake. Kisha akasema:

“Pumzi haionekani, Mama. Meno yanaonekana.”

Nilimpa pampu ya dharura, tukakaa chini sakafuni tumeegemea cherehani, utepe bado uko shingoni kwangu, mpaka kifua kikafunguka. Lakini hofu iliyoniingia siku ile sijawahi kuwa nayo hata alipokuwa mchanga. Pumu naijua. Inakuja, unaikabili, inaondoka. Lakini mtoto aliyeamua mwenyewe kupunguza pumzi ili apendeze, dawa yake iko kwenye boksi gani?

Shomari aliporudi alijaribu njia yake. Msimu huu kazi yake ni kuwapeleka wageni kumwona potwe, yule papa mkubwa asiyeng’ata.

“Unamjua potwe?” akamwambia. “Mdomo wazi kama mlango wa ghala, vimeno vyenyewe hata huvioni, na watu wanapanda ndege kuja kumpiga picha. Hajawahi kuweka pezi mdomoni.”

“Baba, mimi si samaki,” akasema Zuhura nyuma ya kiganja.

Shomari akaenda kuoga.

Tukaenda kwa daktari wa meno. Nasema tukaenda, kwa wingi, kwa sababu Bi Kidawa alikataa kubaki nyumbani.

“Kesi nimeifungua mimi,” akasema, “haiwezi kusikilizwa bila mimi.” Akatema tambuu, akasukutua, akajitanda kanga mpya, akatangulia mbele. Mguu siku ile haukumsumbua hata kidogo.

Daktari ni dada wa bara, mwenye sauti ya upole na vidole vyepesi. Akamwamkia Bi Kidawa.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Huyu hapa ni mke mwenzangu. Ameharibiwa meno na filimbi.”

Yule dada akanitazama mimi. Nikamwonyesha pampu. Akamlaza Zuhura kwenye kiti, akawasha taa, akatazama kwa muda mrefu, na kila akitazama ananiuliza maswali ambayo sikuyategemea kwa mtu wa meno. Kifua kilianza lini? Alilazwa? Alikuwa anapata homa mara kwa mara? Pampu ameanza akiwa na umri gani?

Kisha akatueleza. Nayaandika hapa nilivyoyashika mimi, na kama nimeyashika vibaya, kosa ni langu. Meno haya ya mbele na magego ya kwanza huanza kujengwa ndani ya ufizi mtoto angali mchanga. Wakati Zuhura wangu anapigana na kifua chake, huko ndani meno yalikuwa yanajengwa. Ganda gumu la nje la jino, wenyewe wanaliita enameli, likijengwa mwili ukiwa vitani linaweza kutoka dhaifu. Na halina marekebisho ya baadaye, likishajengwa, limejengwa. Jino linatokeza nje likiwa na mabaka yake tayari.

“Kwa hiyo ni pumu?” nikauliza.

“Siwezi kukuapia, Mama Zuhura. Watoto wenye pumu tunawaona na meno ya namna hii, tena si wachache. Lakini wapo wenye meno haya ambao hata mafua hawayajui. Kama ni ugonjwa, au ni dawa, au ni vyote, bado wanaosoma mambo hayo wanabishana.”

“Si nimesema dawa!” akadakia Bi Kidawa.

“Bibi, filimbi ameanza kuivuta akiwa mkubwa. Ukuta ulikuwa umeshajengwa.”

Bi Kidawa akaanza kukagua pindo la kanga yake. Ungamo la pili: nilifurahi. Nilikaa wima pale kwenye benchi kama mtu aliyeshinda kesi bila wakili.

“Ila filimbi nayo ina kosa lake dogo,” daktari akaendelea. “Inakausha mdomo, na mtoto wa kifua anapumua sana kwa mdomo. Mate ndiyo yanayolinda jino. Kwa hiyo akishavuta, asukutue kwa maji, ateme. Basi. Kuiacha, hapana.” Akavuta kiti karibu. “Na jioni akishavuta, anakula nini? Anakunywa nini?”

Hapo ndipo furaha yangu ilipoishia.

Lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wa huku analijua. Mtoto wa kifua hulazwa kwa asali na ndimu. Kwetu ilikuwa hivi: Zuhura anapiga mswaki, anavuta pampu, anapanda kitandani, ndipo anapewa kijiko cha asali iliyokamuliwa ndimu, anakilamba taratibu mpaka usingizi umchukue. Kinalainisha koo, kinaondoa ladha ya dawa. Asali analeta Bi Kidawa. Ndimu nakamua mimi. Shomari akiwepo, kijiko anashika yeye. Hata wakati dawa inapewa dirisha, asali ilikuwa inapewa Zuhura. Wala haikuwa dawa tu. Ndivyo nyumba yetu inavyosema lala salama.

Tulitazamana, mimi na mkwe wangu, kama wezi wawili waliokutana kwenye banda moja.

“Asali na ndimu,” nikasema kwa sauti ndogo.

“Kila siku?”

“Kila siku ya Mungu,” akajibu Bi Kidawa, bado ana fahari kidogo. “Ndimu ya Baleni. Haijui mbolea.”

Daktari akashusha kitambaa cha mdomoni. Hakutugombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu kwamba ndimu inalainisha lile ganda, asali inakaa palepale hadi asubuhi, mate usingizini yanapungua yenyewe, na pampu imeshayapunguza. “Jino lililozaliwa dhaifu,” akauliza, “lijitetee na nini?”

Mimi nilimwelewa kwa lugha ya hapa kwetu. Mate ni askari wa hifadhi ya bahari, wanaozunguka na boti yao kulinda matumbawe. Sisi kila jioni tulikuwa tunawapa askari likizo, halafu tunawaita wavuvi wa baruti na kuwashikia taa. Na matumbawe yenyewe yalikuwa mabovu tangu mwanzo.

“Ndimu yangu leo imekuwa jambazi?” akauliza Bi Kidawa.

“Mchana, kwenye samaki, ni ndimu, Bibi. Usiku, kwenye jino, ni jambazi.”

Magego mawili yakazibwa, mengine yakapakwa dawa ya kuyaimarisha. Ya mbele, daktari alisema, yatabaki na mabaka yake. Akishakuwa mkubwa yapo ya kufanya, kwa sasa ni kuyatunza. Zuhura alikuwa amelala pale, mdomo umejaa pamba, mikono yote miwili imeshika kiti. Akauliza swali moja.

“Haitakula?”

“Nini?”

“Filimbi.”

“Haitakula. Vuta, sukutua, tema.”

Njia nzima Bi Kidawa alitembea nyuma yetu. Mimi nilikuwa najiandaa kulaumiwa, maana nimezoea. Tulipofika sokoni akasimama, akarekebisha kanga.

“Mimi nilikuwa nampenda kwa ndimu,” akasema.

Halafu, kwa kuwa hajazoea kutoa maneno ya namna hiyo bila kuyafunika kwa kitu, akageukia meza ya muuza dagaa na kumgombeza kwa sababu dagaa zake zina mchanga.

Tangu siku ile yeye ndiye askari. Zuhura akivuta, bibi yake yuko mlangoni na kikombe cha maji. “Sukutua, mke mwenzangu. Tena. Hiyo ni sauti ya kunywa, sijasikia ya kusukutua.” Majirani wameshasimuliwa kwamba yeye tangu zamani hakuwa na imani na asali ya usiku. Sijamsahihisha. Amani ya nyumba haidai usahihi. Ila chupa yenyewe aliiacha palepale kando ya kitanda, haifunguliwi, kama mzee aliyestaafishwa ambaye hakuna aliyethubutu kumwambia arudi kwao. Kijiko cha asali alikibadilisha kuwa kisa kimoja cha Sungura, na Sungura wa Bi Kidawa siku hizi husukutua kabla ya kulala.

Kifua kilifunguka. Mlango wa banda ukafungwa. Nilimpima tena gauni, na utepe ukacheza kama paka.

Mkono haukushuka.

Kwenye mazoezi aliimba nyuma ya kiganja, mstari mrefu wote, kwa pumzi moja. Ustadhi alidhani ni mbinu ya kutia mwangwi. Mimi nilikuwa nalala na kuamka na picha moja: binti yangu mbele ya watu wote, na pumzi yake yote ya kutosha, ameificha nyuma ya mkono. Nilijiambia kuimba ni kuimba. Halafu nilijiambia ukweli, kwamba nataka wamwone. Mtu mwenye mabaka ya mbele akikaa miaka mingi na mkono mdomoni, mwisho mkono ndio unakuwa uso wake.

Maulidi yalikuwa jana alasiri. Nyumbani nilimfunga mtandio, nikamkagua mshono, nikaukagua tena. Bi Kidawa akamvuta pembeni, nikatega sikio.

“Mke mwenzangu, ukiona mtu anakutazama meno, wewe mtazame miguu. Kila mtu ana kitu chake.”

Nilikaa upande wa wanawake, na kwa bahati yangu mbele yangu akakaa mama mmoja mwenye mabega ya kubebea boti. Sikuona kitu. Nikabaki na masikio. Ikaja zamu yao, dufu zikaanza, kisha zikatulia, na sauti ya Zuhura ikaingia peke yake.

Sauti yake ya nyuma ya kiganja naijua. Ina ukungu, kama mtu anaongea ndani ya mtungi. Hii haikuwa na ukungu. Ilitoka nzima. Ukaja ule mstari mrefu, nikajikuta na mimi nimeshika pumzi, eti nimsaidie. Niliishiwa mimi. Yeye akaendelea, akaupandisha mwishoni pale panapopanda, akautua, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka yule mama wa mbele akageuka kuniuliza kama naumwa.

Nilimwambia ni vumbi.

Bi Kidawa alikuwa amekaa karibu na mbele. Tuliporudi akaapa kwa babu marehemu kwamba mtoto aliimba mdomo wazi mbele ya ustadhi, wageni na majirani, meno yote nje, na hakuna aliyesema neno. Alilisimulia jambo hilo hadi wakati wa kula. Zuhura alikuwa anatabasamu na sahani yake ya pilau, mkono wa kulia una kazi ya kula, wa kushoto umelala mapajani. Na leo asubuhi, bila kuulizwa na mtu, Bi Kidawa akapanda kigoda na kuhamisha chupa.

Kwa hiyo leo mchana nimekaa hapa nikijiuliza ni nini hasa kilichomshusha mkono. Daktari? Sungura anayesukutua? Potwe? Uke wenza? Nilikuwa nimeshaanza kutunga kichwani maneno mazuri kuhusu ujasiri, ya kuweka hapa mwishoni.

Kabla sijayaandika nikafungua video ambayo Shomari aliirekodi jana kutoka upande wa wanaume, yuko mbele kabisa, hakuna mabega.

Zuhura amekishika kipaza sauti kwa mikono miwili, amekisogeza karibu kabisa. Kimemziba kuanzia chini ya pua hadi kidevuni, mwanzo hadi mwisho wa qaswida.

Hakuna jino hata moja linaloonekana.